Mjadala: Nani aliyeondoa ujuzi kwenye kazi za mgahawani?

Wadau, hili tulijadili bila kukwepana. Kila mshahara wa wahudumu wa migahawa ya chakula cha haraka unapotajwa, jibu ni lile lile: kazi yenyewe haina ujuzi, asiyeitaka aondoke, wapo tele nje wanaoisubiri. Mimi nasema kazi hiyo haikuzaliwa hivyo. Ujuzi uliondolewa kwa makusudi, kisha anayeifanya akaambiwa analipwa kidogo kwa sababu hana ujuzi.

Mwaka 1948, huko San Bernardino, California, ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliufunga kwa muda mgahawa wao, tena ulikuwa unauza vizuri. Wakawaachisha kazi waliokuwa wakiwapelekea wateja chakula kwenye magari, wakapunguza orodha ya vyakula hadi 9, wakaondoa sahani na vijiko, wakaikata kazi ya jikoni vipande: huyu nyama tu, yule kufunga tu, mwingine viazi tu. Baga ikauzwa senti 15. Mpishi hakuhitajika tena. Mtindo huo umesambaa hadi kwenye vituo vya simu, ambako kijana anasoma majibu aliyoandikiwa, na kwenye programu za teksi, ambako dereva anapangiwa nauli.

Hapa Kenya tuliuona Januari 2022, KFC ilipoishiwa chipsi. Viazi ndilo zao letu la pili la chakula baada ya mahindi, Nyandarua wanalima kwa wingi, na bado mteja anaambiwa achukue ugali badala yake kwa sababu mzigo kutoka ng'ambo umechelewa baharini! Watu walimtetea mkulima, na walikuwa na haki. Mimi nilimfikiria aliyesimama jikoni. Nenda kibanda chochote cha chipsi, Kawangware au Githurai. Yule kijana akikishika kiazi anajua kama kina maji mengi na kitanyonya mafuta. Anasikiliza karai linavyolia, anapunguza moto, anazitoa chipsi kabla hazijaungua. Viazi vikipanda bei anapunguza kipimo, au anabembeleza muuzaji mwingine sokoni. Mwenzake mwenye sare hana ruhusa ya lolote kati ya hayo. Kengele ikilia, anainua kikapu. Viazi vilikuwa vimejaa Wakulima Market, lakini kampuni ilisema lazima msambazaji apitishwe kwanza na utaratibu wake wa kimataifa, kwa hiyo tawini hapakuwa na wa kuamua.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: kibandani hakuna mkataba wala likizo, na ukiugua hulipwi. Mgahawa mkubwa unalipa tarehe inayojulikana na unakata NSSF. Kwa kijana aliyetoka shule juzi hilo si jambo dogo, na siwezi kumwambia aikatae kazi hiyo. Ninachokataa ni kudai kwamba malipo hayawezi kuwa mengine. California kwenyewe, Aprili 2024, sheria ilipandisha kima cha chini hadi dola 20 kwa saa kwenye kampuni za chakula cha haraka zenye matawi 60 na zaidi nchini Marekani. Kazi ni ile ile, kengele ile ile. Ila wafanyakazi walikuwa wamegoma na kujipanga kwa miaka mingi, tangu migomo ya New York ya 2012.

Na sisi wateja tumefundishwa pia: tunapanga foleni, tunabeba trei, tunasafisha meza, na tunaona ni kawaida.

Kinachoniuma zaidi ni miaka ya kijana. Wa kibandani, baada ya muda, anaweza kufungua kibanda chake. Huyu mwingine anatoka na nini? Basi nawauliza mnaotetea kampuni hizi: mko tayari mkataba useme kwamba kila mfanyakazi atapitishwa kwenye ununuzi, hesabu na usimamizi, mpaka aweze kuendesha tawi? Kama mko tayari, niko nanyi. Kama hampo, mlipeni vizuri, wala msimpunje kwa kukosa ujuzi ambao nyinyi ndio mliomnyima.