Naomba ushauri: mtoto alikunywa dawa iliyokuja kuondolewa sokoni

Habari zenu wakuu. Nipo Nyakato, Mwanza. Mwanangu wa miaka 2 alikunywa dawa ya maji ya kikohozi niliyonunua duka la dawa la mtaani. Siku ya tatu mkojo ukawa haba, uso ukavimba, tukalazwa siku 9. Daktari akasema figo. Sasa anacheza, namshukuru Mungu, ila kliniki bado tunaenda. Baadaye ndipo likatoka tangazo kwamba toleo lile lina diethilini glaikoli, sumu ileile iliyotajwa Gambia mwaka 2022, walipofariki watoto zaidi ya 60.

Chupa ninayo, imebaki robo, namba ya toleo inasomeka. Risiti sina (nani hudai risiti ya dawa ya kikohozi?). TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) Kanda ya Ziwa nimetoa taarifa. Muuzaji ananirusha kwa mwagizaji, mwagizaji hapokei simu. Tupo familia tatu zenye tatizo hili.

Wanasheria, bila risiti tunaweza kuwashtaki wote wawili kwa pamoja? Na chupa niikabidhi kwa nani ipimwe bila ushahidi kupotea? Nimeambiwa madai haya yana ukomo wa miaka 3, sitaki kuchelewa.