Naomba ushauri: njia ya miguu imezibwa kwenye viwanja vipya, Uyole

Wakuu habari za leo. Mwaka jana tulihamia kwenye viwanja vilivyopimwa karibuni huku Uyole, Mbeya. Kwenye ramani tuliyoonyeshwa siku ya kulipia kulikuwa na njia ya watembea kwa miguu ya mita tatu, inashuka korongoni na kutokea karibu na shule. Leo pale pana ukuta wa tofali za kuchoma, na korongo tunalivuka kwa magogo mawili ya mkaratusi. Mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Juzi binti yangu wa darasa la pili karudi na kiatu kimoja, kingine kimeenda na maji.

Ukikwepa hapo, unazunguka hadi barabara kuu ya TANZAM, unabanana na malori ya Tunduma. Jirani yangu anayepeleka maziwa kwa baiskeli kashindwa; sasa anaikokota na madumu yake katikati ya shamba la viazi la watu, na mwenye shamba ameanza kuchoka. Ana haki.

Aliyejenga ukuta tumemfuata mara mbili, anasema eneo ni lake. Sitaki kesi na jirani, nataka watoto wapite.

Je, tuanzie kwa afisa mipango miji wa jiji, tuombe ramani iliyoidhinishwa? Au kwa ajili ya kivuko cha korongoni twende TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kwanza? Tukichangishana mbao na nondo wenyewe, tunahitaji kibali? Mliowahi kuirudisha njia iliyozibwa, mlipeleka karatasi gani?