Re: BUS imerudishwa, nyumba mpya, pampu ya joto la ardhini

Mama Salma, Leeds:
Habari zenu ndugu. Ombi la BUS (ruzuku ya serikali ya kufunga pampu ya joto, England na Wales) limerudishwa. Nyumba tunajijengea wenyewe, fundi mwenye cheti cha MCS (cheti cha ubora wa mafundi hawa) ndiye aliyeomba. Ofisi ya ruzuku inataka ushahidi kwamba nyumba haijawahi kumilikiwa na kampuni, na kiwanja kiliuzwa na kampuni. Hati ya ardhi peke yake inatosha? Vocha ikitoka ni miezi 6 tu, na mchimbaji wa shimo la mabomba ya ardhini anataka tarehe.

Juma, Bristol:
Pole dada. Pauni 7,500 za BUS zisikusahaulishe hesabu ya joto, chumba kwa chumba. Nyumba mpya iliyozibwa vizuri huenda ikahitaji kilowati 6 tu, yaani shimo moja la mita 100 na ushee, kutegemea mwamba. Ukipunguza mita kuokoa pesa, ardhi inapoa mwaka hadi mwaka, maji ya mabomba ya ardhini yanashuka chini ya sifuri, pampu inajizima Februari.

Mzee Hamisi, Reading:
Si maji matupu, Juma. Ni maji na glikoli (dawa ya kuzuia kuganda), na kipimo chake kikaguliwe. Mabomba yapimwe presha kabla ya kufukiwa. Bentonaiti, udongo wa kuzibia shimo, isukumwe kuanzia chini kwenda juu. Ikimiminwa kutoka juu inaacha mapengo ya hewa, na joto halipiti vizuri. Yakiwa mashimo mawili, yaachane angalau mita 6.

Njeri, Glasgow:
Huku Uskoti hatuna BUS, msaada wetu ni wa Home Energy Scotland. Hivi kwa nini watu wapewe masharti yote haya wakati kwetu Kenya, Olkaria, mvuke unatoka wenyewe? Nimekumbuka Naivasha.

Mzee Hamisi:
Njeri mwanangu, usichanganye. Olkaria ni mvuke wa mwamba wa moto, unazungusha mitambo ya umeme. Huku ardhi ina nyuzi 10 hadi 12 tu. Kazi ya kupandisha joto ni ya kompresa iliyo ndani ya pampu, kwa umeme.

Juma:
Ndiyo maana mabomba ya sakafuni ya kupasha nyumba yapangwe kwa nyuzi 35. Radieta ndogo zikidai 55, bili inapanda. Na DNO, kampuni ya nyaya za umeme za eneo lako, ipewe taarifa, fundi asiseme atajaza fomu baadaye.

Mzee Hamisi:
Tangi la maji ya kuoga ni habari nyingine: lipandishwe hadi 60 mara kwa mara ili kuua bakteria wa lejionela. Na kabla ya kuwasha, mabomba ya ardhini yasafishwe kwa pampu kubwa hadi mapovu yaishe. Pampu ya ndani haina nguvu ya kutoa hewa hiyo.