Picha za ukutani za bei nafuu: kanvasi za seti, Tingatinga, au kuchapisha mwenyewe?

Mpangaji_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia nyumba mpya, sebuleni ukuta wa juu ya kochi ni mtupu kabisa na unanikera. Bajeti yangu ni laki moja, fremu ikiwa humohumo. Nimezunguka Kariakoo, nimeona zile kanvasi za seti, vipande vitatu mpaka vitano: maua, simba, New York usiku. Nimeona pia michoro ya Tingatinga, ndogondogo. Jirani yangu naye anasema nichague picha nichapishe kwenye duka la mabango. Wenye uzoefu, ipi inadumu? Jua linapiga ukuta huo kuanzia saa tisa alasiri.

FundiFremu
Mkuu, umefanya vizuri kutaja jua, maana hilo ndilo litakaloamua.

Kanvasi za seti nyingi si pamba, ni kitambaa cha poliesta kilichopigwa wino kwa mashine. Sizichukii, mimi mwenyewe nawafungia wateja kila wiki. Ila kabla hujalipa, igeuze uone mgongo. Mbao nyembamba kama rula itapinda masika yakifika, na kile kipande cha katikati kitaachana na ukuta. Bonyeza kona: kitambaa kikicheza, hakikuvutwa sawasawa. Kisha omba ufute ukingo kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na rangi, rudisha.

Fremu za MDF nazo, yaani unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, kwa hewa yetu ya pwani, weka mbali na ukuta unaovuja. Zikinywa maji zinavimba na hazirudi tena.

Bi_Saada
Mwanangu, mbona hakuna anayetaja kanga? Kanga moja ina upana wa kama mita moja na nusu, inaujaza ukuta peke yake. Ukinunua doti unapata mbili, moja unajifunga, moja unamwambia fundi aivute kwenye fremu ya mbao. Usikubali akate pindo wala jina. Pindo likiondoka, kinachobaki ni kitambaa tu. Hapa Tanga ninayo ukumbini, na kila mgeni akiingia husoma jina la kanga kabla hajakaa.

FundiFremu
Shikamoo Bi Saada. Wazo lako nalipenda, ila si kwa ukuta huu wa jua. Pamba iliyochapwa rangi itapauka. Aiweke ukuta wa pembeni.

Kibo_Design
Mimi niko upande wa kuchapisha, kwa sababu unachagua mwenyewe kitakachokutazama kila siku. Picha halali za bure zipo tele. Jumba la makumbusho la Metropolitan Museum la New York liliruhusu zaidi ya picha 375,000 zitumike bure mwaka 2017, na Rijksmuseum ya Amsterdam nayo inaruhusu kupakua kwa ubora mkubwa. Humo utakuta picha za Japani za karne ya 19 zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, ambazo tangu mwanzo zilitolewa nakala nyingi ili watu wa kawaida wamudu. Michoro ya mimea na ndege pia inapendeza sana sebuleni.

Kinachoharibu kazi ni faili. Kwa karatasi ya A2, yaani sm 42 kwa 59.4, usishuke chini ya pikseli 2480 kwa 3508. Na usimtumie mchapaji kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itabanwa na ubora utapotea. Itume kama dokumenti, au mpelekee kwenye flashi. Muulize pia kama wino wake ni wa pigimenti, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka. Ule mwingine hupauka haraka zaidi juani.

Mpangaji_Tabata
Na Tingatinga? Kuna mtu kaniambia hizo ni za watalii.

Mzee_Tunduru
Aliyekwambia hivyo hajui anachokisema. Edward Saidi Tingatinga alitoka kwetu Tunduru, akaanza kuchora Dar mwaka 1968, kwenye hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli. Alifariki 1972, lakini wanafunzi na ndugu zake waliendelea, na mpaka leo ushirika wao upo Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Ni kweli tausi yuleyule utamwona mara nyingi, kwa sababu mtindo huu hurithishwa kwa kurudia. Lakini kila mmoja kapakwa kwa mkono, na pesa yako inaingia mfukoni mwa mchoraji wa hapahapa. Rangi ile ni ngumu, vumbi unafuta kwa kitambaa kibichi. Kwa laki moja nenda ukazungumze nao, kubwa huenda usiipate, mbili au tatu za wastani zinawezekana.

Dada_Neema
Stika za ukutani je? Ni rahisi mno.

FundiFremu
Dada, kwa mpangaji hapana. Ukibandua zinaondoka na rangi ya mwenye nyumba.

Mpangaji, mimi naungana na Mzee: ukuta wa jua weka Tingatinga. Zinapauka pia miaka ikienda, ila zinavumilia kuliko wino wa mashine. Ya kuchapisha ifuate baadaye, korido au chumbani, na ukiweka kioo acha nafasi kati yake na karatasi ili unyevu usiigandishe.

Mpangaji_Tabata
Asanteni sana, na shikamooni wazee wangu. Jumamosi naenda Oysterbay. Kochi lina mita mbili, nizipange vipi?

FundiFremu
Jumla ya upana, pamoja na nafasi za katikati, iwe kama theluthi mbili ya kochi, yaani sm 130 hivi. Acha sm 15 mpaka 20 kutoka mgongo wa kochi. Kata magazeti kwa ukubwa wa picha, yabandike kwanza kwa selotepu, kaa mbali uangalie. Kama ukuta ni wa tofali, toboa kwa drili uweke plagi na skrubu, na mwenye nyumba ajue kabla hujawasha hiyo drili.