Linux, FreeBSD au OpenBSD kwa laptopu za mtumba?

MamaSteshenari
Habari za jioni. Nina steshenari Majengo, Moshi: kopi, kuprinti, kuskani, kujazia watu fomu za ajira. Mashine zangu ni za mtumba, Dell Latitude E6430 mbili na ThinkPad T430 moja. Windows 10 iliacha kupewa apdeti Oktoba 2025, na 11 inazikataa prosesa hizi. Kijana wangu aliye chuo anataka tuweke OpenBSD, anasema ndiyo salama kuliko zote. Jirani anasema Linux, mwingine FreeBSD. Zote ni mifumo ya kuendeshea kompyuta kama Windows, zote ni bure, zote naambiwa ni ukoo wa Unix, mfumo wa zamani, sasa tofauti iko wapi? Ninachotaka waifai ishike, Epson L3110 iprinti na iskani, na umeme ukikatika nisianze upya. Ubishi wa nani bora naomba mniachie.

FundiNgarenaro
Shikamoo mama. Mimi ni fundi hapa Arusha na mashine kama hizo ndizo zinazonilisha. Kijana hajakosea kuhusu OpenBSD, ila amejibu swali ambalo hukuuliza.

Anza na kadi ya waifai. E6430 zinazoshuka kwenye makontena hazifanani ndani, hata kama nje zimebandikwa jina moja. Utakuta hii ina Intel 6205, ile ina Broadcom. Intel hiyo haina maneno, mifumo yote mitatu inaiendesha. Kesi iko kwa Broadcom. Kwa miaka mingi kampuni ilificha maelezo ya chipu zake, hadi watu wa Linux wakaandika draiva (programu inayouwezesha mfumo kuongea na kadi) ya b43 kwa kuchunguza draiva ya kampuni inavyoongea na kadi. Mwaka 2010 ndipo kampuni ilipotoa draiva ya wazi, yaani ambayo msimbo wake yeyote anaweza kuusoma, na ilitoa kwa ajili ya Linux. Kuna nyingine iitwayo wl, ya msimbo uliofungwa, na hiyo OpenBSD hawaigusi hata uwabembeleze. Namheshimu Theo de Raadt kwa msimamo huo tangu aanzishe OpenBSD 1995, lakini msimamo wake hautaprinti CV za wateja wako.

Halafu kuna fimuwea, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi kila unapowasha. Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, tangu toleo la 12 wanaiweka humo humo kwenye faili la kusakinishia. OpenBSD inaifuata mtandaoni kwa amri ya fw_update, na mtandao wenyewe ndio unaosubiri fimuwea! Dawa ni kuchomeka simu ya Android kwa waya wa USB na kuruhusu igawe mtandao. Simu nyingi zitaonekana kama kadi ya mtandao iitwayo urndis0, mambo yanaendelea.

Printa: draiva ya Epson ya kuprinti ina msimbo wazi, kwa hiyo hata upande wa FreeBSD na OpenBSD mtu anaweza kuhangaika nayo ikakubali. Kuskani ndiko kugumu. Epson Scan 2 wameitengeneza kwa Linux. Kwa duka lako hapo mjadala umeisha.

Fanya hivi: weka Debian ya kujaribia kwenye fleshi, washa bila kusakinisha chochote, fungua dirisha la amri, andika lspci -nn. Kwenye mstari wa kadi ya mtandao isiyo na waya tafuta namba. 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom. Tuletee hapa.

SevaUsaRiver
Fundi, FreeBSD umeiruka kama mtaro. Nina mashine ya mezani inayotunza mafaili ya ofisi, FreeBSD na ZFS (mpangilio wake wa kutunza mafaili kwenye diski), umeme unakatika inavyotaka TANESCO na haijawahi kupoteza faili. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Inaandika pembeni kwanza, ikikamilika ndipo inahamia. Na waifai ya Intel imeboreshwa sana kwenye toleo la FreeBSD 14.3.

FundiNgarenaro
Mashine yako iko kwenye waya, kaka, na haiskani. Kwa kutunza mafaili sikupingi hata kidogo. Kwa kaunta ya mama, ext4, mpangilio wa mafaili wa Debian, ina jarida lake, yaani kumbukumbu ya mabadiliko inayoyaandika: umeme ukirudi inalisoma, inanyoosha, unaendelea. Kazi ambayo mteja hajaisevu hakuna mfumo utakaoirudisha, na betri za mtumba tunazijua. OpenBSD ndiyo itakukalisha ukisubiri ikague diski nzima kwa fsck wakati foleni imefika barabarani.

MamaSteshenari
Marahaba. ThinkPad na Dell moja zimeandika 8086. Dell ya pili 14e4:4727.

FundiNgarenaro
Hiyo ni BCM4313. Debian inaiendesha kwa draiva ya brcmsmac, OpenBSD haina draiva yake. Ikikusumbua kushika mbali, tafuta Intel 6205 iliyotolewa kwenye laptopu iliyokufa; Dell itaipokea. Usijaribu mchezo huo kwenye ThinkPad, BIOS yake (programu inayoiwasha mashine) ina orodha ya kadi inazozikubali, ukiweka nyingine mashine inagoma kuwaka. Kabla ya kusakinisha chochote, ukiwa bado kwenye fleshi, printi ukurasa mmoja na uskani kitambulisho. Vikikubali, endelea.

Na kijana usimnyime OpenBSD yake. Mpe mashine ya akiba yenye kadi mbili za waya aifanye ruta ya duka. pf yao, programu ya kuchuja mtandao, kwa kazi hiyo ni tamu mno.

MamaSteshenari
Amefurahi. Anauliza Pentium 4 iliyoko stoo itafaa?

FundiNgarenaro
Itafaa. Debian 13 wameacha kusakinishika kwenye mashine za biti 32, na Pentium 4 nyingi ni za hivyo; OpenBSD bado wanazitolea matoleo. Ila inakula umeme. Muulize luku atanunua nani.