Siku mbili Dar, nianzie wapi?

mgeni_wa_ziwa: Wakuu natokea Mwanza, nina siku mbili tu Dar na nataka kuuona mji wenyewe sio mambo ya moli, nianzie mtaa gani?

mzaramo_halisi: Panda basi la mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni, soko la samaki Feri liko hapo karibu, wahi asubuhi bana ukichelewa unakuta mabaki, ukimaliza vuka na pantoni Kigamboni, nauli ya mguu hata buku haifiki.

binti_temeke: Kariakoo je? Jina lenyewe limetoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza enzi za vita kuu ya kwanza. Simu weka mfuko wa mbele lakini 😂

mgeni_wa_ziwa: Shukrani, na jioni?

mzaramo_halisi: Coco Beach, mihogo na pilipili. Mbagala iache kesho, foleni ya jioni utalala njiani.