Tupeane uzoefu: Bumu limetoka, jina lako halimo kwenye orodha

Mleta mada
Wakuu, salaam. Dogo wangu yuko mwaka wa pili, anasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Wenzake wanasaini bumu, yaani fedha ya kujikimu, yeye kila akikagua orodha jina hakuna. Darasani anaingia, kitambulisho anacho, mfumo wa chuo unaonyesha amesajiliwa. Hesabu ya kujikimu mnaijua: shilingi 10,000 kwa siku, miezi miwili ni kama laki sita, na mwenye nyumba hajali habari za uhakiki. Tusianze kulaumu watu kwa majina. Aliyewahi kukwama aseme alikwama wapi na alinasuka vipi.

Mhitimu wa ualimu
Mkuu, muulize kwanza: mwaka wa kwanza alikuwa na sapu, yaani mtihani wa marudio wa somo alilofeli? Mimi nilikuwa nayo, somo moja tu. Nikaifanya, nikafaulu, nikajisajili mwaka wa pili bila tatizo. Kumbe chuo kilikuwa kimepeleka matokeo ya wanaoendelea kabla Seneti ya chuo haijapitisha ya sapu. Huko Bodi nikawa mtu asiyejulikana kama amevuka mwaka au anarudia. Kusajiliwa chuoni ni jambo moja, chuo kuijulisha Bodi kwamba umevuka ni jingine, na bumu linafuata hilo la pili. Nilizunguka sana kwa wahasibu, wala hawakuwa na la kufanya. Walionisaidia ni ofisi ya mitihani. Jina likaingia orodha ya nyongeza, na nilichokosa nikakipata pamoja na awamu iliyofuata.

Mwaka wa kwanza bado
Bumu likikwama ndipo utajua wali maharage una thamani gani. Naendelea kusoma.

Aliyehama chuo
Yangu ilikuwa ndefu. Nilihama kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), uhamisho ukakubaliwa, nikajua mambo yamekwisha. Sasa, ada ya Bodi haipiti mkononi mwa mwanafunzi, inakwenda chuoni moja kwa moja, na yangu ilishakwenda chuo cha zamani. Chuo kipya kinanidai ada, cha zamani kinasema fedha zitarudishwa Bodi, mimi niko katikati na mitihani inakaribia. Bumu nalo lipo, ila lipo kule nilikotoka, kwa hiyo siwezi kulisaini.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba kuhamisha masomo na kuhamisha mkopo ni mafaili mawili tofauti. Afisa mikopo wa unakotoka lazima athibitishe umeondoka, na wa unakokwenda athibitishe umepokewa. Mmoja akinyamaza, mfumo unakuona bado uko kule kule. Kwangu aliyenyamaza ni wa kule nilikotoka, na sikumlaumu sana, maana mwanafunzi aliyeondoka si mzigo wake tena. Nikafunga safari mwenyewe, nikachukua barua, nikaipeleka mkono kwa mkono. Huku nikaandika barua ya kuomba nifanye mitihani wakati ada inasubiriwa, nikaambatanisha uthibitisho wa mkopo. Wakakubali. Wale wanaokwambia "subiri, itakaa sawa yenyewe" wana bumu lao mfukoni.

Mwaka wa nne, uhandisi
Msisahau majina na namba. Waliorudia mtihani wa kidato cha nne wana namba mbili, ya shule na ya mtahiniwa wa kujitegemea. Ile uliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo uombee mkopo. Kuna jamaa yangu alitumia moja huku na nyingine kule, akawa watu wawili kwenye kompyuta: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana mkopo hana chuo.

Niliyeahirisha mwaka
Kwa akina dada: niliahirisha mwaka kwa ajili ya kujifungua. Niliandikiwa barua ya kuruhusiwa kuahirisha, na niliporudi nikaandikiwa ya kurejea, nakala zote nikapeleka dawati la mikopo. Haikuwa haraka lakini mkopo ulirudi. Mwenzangu aliondoka kimya kimya akijua atajieleza akirudi. Aliporudi alikuta amehesabiwa kama aliyeacha chuo.

Nilikaa dawati la mikopo
Nimewahi kufanya kazi hiyo chuo fulani, sasa sipo, niseme upande wa pili wa meza. Mwaka 2016 Serikali ilihakiki wanufaika vyuoni kwa sababu ya wanafunzi hewa, yaani majina ya watu ambao hawako darasani lakini fedha zinaingia. Aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, aliyeacha, aliyekwenda kufanya biashara. Ndiyo maana mnasainishwa kila awamu, na ndiyo maana bumu lisilosainiwa linarudi. Afisa akithibitisha mtu asiyekuwepo, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa, kwa hiyo akiwa na shaka na jina anaona heri aliache nje. Kwa mwanafunzi ni uonevu, najua. Nami nimewahi kuwaacha nje watu niliokuwa nawaona kila siku kantini, kwa sababu tu karatasi zao hazikunifikia.

Wanafunzi karibu wote huja kuuliza bumu linatoka lini. Hilo afisa hana jibu lake. Muulize jina lako limepelekwa Bodi lini, na limepelekwa likiwa na hali gani: anaendelea, anarudia, ameahirisha. Hapo atalazimika kufungua faili. Na uulize wiki ya usajili, kabla foleni haijafika getini.

Mleta mada
Asanteni sana. Nimembana, kumbe sapu alikuwa nayo, ya takwimu, alinificha. Sasa aende ofisi ya kanda ya Bodi au aanzie chuoni?

Nilikaa dawati la mikopo
Chuoni kwanza, mkuu. Huko kanda watamwambia alete barua ya chuo. Aanze ofisi ya mitihani, aombe nakala ya matokeo yaliyopitishwa, ndipo aende dawati la mikopo akiwa nayo mkononi. Asiende Ijumaa mchana.